Mkono wa Fundi Vioo: Alale Mtu au Ulale Mkono?

Saa tatu asubuhi jua limeshaingia dukani, na kila kioo kilichoegemezwa ukutani kimejichukulia kipande chake. Mzee Pima ameinama juu ya meza iliyotandikwa blanketi kuukuu. Mkono wake wa kushoto umeshika almasi, kama mafundi wanavyokiita kijiti chenye ncha ya kukatia kioo. Mkono wa kulia umelala juu ya rula, lakini hauibani. Umewekwa tu, kama jiwe la kuzuia karatasi zisipeperuke.

Anayeibana rula ni mkewe.

"Usipumue," fundi anamwambia.

"Nisipopumua nitakuangukia, uanze kunikata mimi," mkewe anajibu.

Almasi inatembea. Sauti yake inapaswa kuwa moja tangu mwanzo hadi mwisho, kama kitambaa kinachochanwa taratibu. Leo inakatika katikati, kisha inaanza tena, na fundi anajua kabla hajajaribu. Anakisogeza kioo ukingoni mwa meza, anakibonyeza, na ufa unauacha mstari na kwenda unakotaka wenyewe.

Hagombi. Anavikusanya vipande kwa brashi na kuvimimina kwenye debe.

"Mkono wa kushoto una nia njema," anasema, "lakini haukusoma."

Mzee Pima, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakati kioo bila kukipima mara mbili na kumwambia mteja naye apime, ana miaka hamsini na sita. Zaidi ya nusu ya miaka hiyo ameishi kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia. Leo kidole gumba hicho hakikunjiki. Kimenyooka kama kinachoonyesha njia.

Alhamisi hii anarudi chumba cha upasuaji kwa mara ya tatu, kidole kilegezwe kipate kukunjika. Daktari amemwambia kikishindikana safari hii, akizoee kilivyo. Na kabla ya siku hiyo anatakiwa aseme jambo moja: alale yeye mzima kwa nusukaputi, au utiwe ganzi mkono peke yake yeye akiwa macho.

Ameshapitia yote mawili. Mtu angedhani ndiye wa mwisho kuhitaji ushauri.

"Ndiyo maana nimechanganyikiwa," anasema. "Asiyejua huchagua upesi."

Katika kazi ya vioo kuna sheria ambayo mwanafunzi hufundishwa kabla hajaonyeshwa hata rula: kioo kikianguka, kiache kianguke. Rudi nyuma, peleka mikono mgongoni, kisikilize kinavyovunjika. Kioo kingine kitapatikana. Mzee Pima ameifundisha sheria hiyo kwa kila aliyepita mkononi mwake, na wengine aliwapiga kofi vidoleni kwa kuisahau.

Mwaka jana kioo kinene cha mbele ya duka la dawa kiliteleza kutoka kwenye ubao. Yeye ndiye aliyekidaka.

"Kichwa kilisema acha," anaeleza. "Mkono haukukiuliza kichwa."

Kioo kilimbana kwenye ukingo wa meza, mfupa wa mkono ukavunjika mahali pawili na ngozi ikachanika. Jirani yake, mshona makochi anayeitwa Bwana Sponji mtaa mzima, ndiye aliyesikia kishindo. Alichana kitambaa alichokuwa akikishona, akaufunga mkono, akampakia kwenye gari la kuchukulia magodoro na kumkimbiza hospitali.

"Kitambaa kilikuwa cha maua makubwa," Bwana Sponji anakumbuka. "Pale mapokezi wakaniuliza nimeleta mgonjwa au nimeleta kochi."

Siku hiyo hakuna aliyemuuliza fundi anapenda nini. Damu ilikuwa inatoka, akalazwa, akavishwa kinyago, akaambiwa avute pumzi. Akavuta. Kisha akafungua macho na kuwaambia waanze basi, wanangoja nini. Wauguzi wakacheka. Walikuwa wamemaliza zamani, chuma kimeshakaa ndani ya mkono, na nje jua lilikuwa linashuka.

Jambo hilo linamsumbua mpaka leo kuliko maumivu yenyewe.

"Mimi nakata vitu," anasema. "Najua kilichokatwa huacha kingo. Lakini siku ile mtu aliikata siku yangu hapa na hapa, akaunganisha, na mshono siuoni. Niko wapi mle katikati?"

Kilichofuata hakuwa na habari nacho, amesimuliwa. Alitapika, koo likamkauka, akashindwa kumeza. Binti yake, ambaye ana saluni mtaa wa pili, alikuwa amekaa kando ya kitanda. Baba akamshika mkono na kumwita kwa jina la shangazi yake, dada wa fundi, aliyefariki binti huyo akiwa bado anatambaa.

"Akaniuliza kama bado nina hasira naye," anasimulia binti. "Sikujua nijibu kama nani. Nikamwambia sina. Akalala."

Hasira hiyo ilitokana na nini, Mzee Pima hasemi. Anasema tu kwamba hakukusudia kuyasema hayo mbele ya mtu yeyote, na kwamba aliyeyasema si yeye. Kisha anasita na kujisahihisha: labda ni yeye. Anachukua kitambaa na kuanza kufuta kioo ambacho hakina vumbi.

Kesho yake asubuhi, mtaalamu wa usingizi alipita wodini. Ni dada mwembamba, mwenye sauti ya chini, na ana desturi ya kumuuliza kila aliyelazwa kwa mkono wake swali moja: umeridhika? Mzee Pima alikuwa amekumbatia beseni. Akamjibu, "Sana, mwanangu."

Alipoulizwa na gazeti hili kwa nini alijibu hivyo hali bado anatapika, alishangaa.

"Mtu amekushonea mkono, umwambie hujaridhika? Adabu itakuwa wapi?"

Miezi tisa baadaye mfupa ulikuwa umeshika, lakini skrubu moja ya kile chuma ilikuwa inaisukuma ngozi kutoka ndani. Ikabidi chuma kitolewe. Safari hii hapakuwa na haraka. Yule dada akamweleza kwamba kuna njia nyingine: sindano juu ya mfupa wa bega, ikiongozwa na mashine yenye skrini inayoonyesha mishipa ya fahamu, na mkono mzima utakufa ganzi. Yeye atabaki macho. Akamwambia wengi wanaopitia njia hiyo hutoka bila kichefuchefu na hurudi kwao siku ileile.

Fundi akakubali. Ilianza kama joto, kisha uzito, kisha mkono ukawa mfuko wa unga ambao si wake. Hadi hapo alielewa. Kilichofuata hakukielewa.

"Nikaona mkono wangu uko juu," anasema, na anauinua wa kushoto kuonyesha. "Umenyooka hivi, kama naita gari. Nikawaambia jamani ushusheni, nimechoka. Wakaniambia, mzee, mkono uko mezani. Nikageuza shingo kabla hawajavuta pazia. Kweli, uko mezani, umelala kama wa marehemu. Lakini wa juu nao nausikia, uko pale pale. Nikawauliza, sasa huu wa juu ni wa nani?"

Mtaalamu wa usingizi anasema hilo hutokea. Mkono ukifa ganzi, ubongo hauna habari mpya, hubaki na habari ya mwisho uliyopewa, na mkono wa fundi uliinuliwa kupakwa dawa ya kusafishia ganzi ilipokuwa inashika. Mzee Pima alielezwa hivyo siku ileile. Anayasema maelezo hayo neno kwa neno, vizuri kabisa, kisha anaongeza kwamba hayaamini.

Lakini hofu hakuwa nayo. Nyuma ya pazia alisikia bisibisi ikizunguka, skrubu ikilegea, ikidondoka kwenye sinia la chuma. Daktari wa mifupa alikuwa anamlalamikia msaidizi wake kuhusu paa la nyumba linalovuja. Fundi akaingilia kati na kumshauri aangalie kwanza pale bati linapokutana na ukuta. Kazi ikaendelea.

Alasiri alikula, akavaa shati kwa kusaidiwa, mkono ukiwa umefungwa shingoni kwa kitambaa. Yule dada akamuuliza swali lake. Fundi akamwambia ameridhika kuliko neno lenyewe, na kama kuna mtu bado analazwa kwa nusukaputi hospitalini hapo, basi anaonewa.

Jioni hiyohiyo ndipo mambo yalipoharibika.

Duka limeungana na nyumba. Ni mlango mmoja tu. Kabla jua halijazama, vidole vya mkono wa kulia vilianza kucheza. Nguvu zilikuwa zinarudi, lakini kuhisi kulikuwa bado hakujarudi. Mzee Pima akafurahi. Akautoa mkono kwenye kitambaa, akaingia dukani kuangalia kioo alichokuwa amekisugua kingo siku moja kabla.

Kila fundi vioo hupima ukingo kwa kidole gumba. Huupitisha taratibu kutoka ncha hii hadi ile, akisikiliza kwa ngozi kama kuna jino lililobaki. Hafikirii, kama ambavyo mtu hafikirii anapopuliza chai. Mzee Pima akapitisha kidole.

"Nikasikia laini," anasema. "Laini kama sabuni. Nikasema moyoni, leo umeweza, fundi. Nikarudia."

Aliporudia ndipo alipoona kioo kimebadilika rangi.

Nyuzi za kidonda hicho zilikuwa nyingi kuliko za kutolea chuma. Ukingo ulikuwa umeufikia mshipa unaokikunja kidole, ule mgumu kama ugwe. Ukashonwa usiku uleule chumba cha majeruhi, ganzi ikiwa bado haijaisha, ukapona, lakini kovu likaukamata, na tangu hapo haupiti kwenye njia yake. Aliyekuwa akipokea kazi nane kwa wiki sasa hupokea mbili, tena ndogondogo, fremu za picha na vioo vya kujitazamia. Madirisha anayaelekeza kwa mafundi wengine.

Swali la nani alaumiwe limegeuka kuwa chumvi ya kila mlo nyumbani humo. Mtaalamu alimwonya, hilo fundi analikiri.

"Aliniambia nisiguse moto. Aliniambia nisishike kisu. Kioo hakukitaja."

"Kioo si kisu?" mkewe anauliza kutoka upande wa pili wa mlango.

"Kioo ni kioo," fundi anamjibu, kwa sauti ya mtu aliyelijibu swali hilo mara nyingi na bado hajashinda.

Mkewe anataka alazwe kwa nusukaputi. Hoja yake ni fupi. Mume aliyelala anajulikana alipo. Mume aliye macho, ana mguu na ana mlango. Atatapika, ndiyo, beseni zipo. Binti yao hataki kusikia. Anasema baba alipozinduka siku ile, mtu mwingine ndiye aliyezinduka kwanza, na yeye hawezi tena kuketi kando ya kitanda na kumsamehe mtu kwa niaba ya marehemu. Anataka ganzi ya mkono, na mlango wa duka ufungwe kwa kufuli.

Bwana Sponji naye ana lake. "Wamlaze shemeji," anasema. "Huyo ndiye aliyechoka."

Fundi anawasikiliza wote na kukubaliana na kila mmoja wakati anaongea. Nusukaputi ilimsumbua sana na haikumdhuru. Ganzi ilimfurahisha sana, na mwisho wake ni kidole hiki. Ukimuuliza ipi ilikuwa nzuri, anajibu. Ukimuuliza ipi anaitaka, anatafuta rula. Watu husema aliyeumwa na nyoka huogopa ung'ongo. Yeye ameumwa na ung'ongo, na nyoka alimpita tu.

Jumanne anavaa shati lake la kutokea na kwenda hospitali kutoa jibu. Chumba cha mtaalamu wa usingizi kina meza, viti vitatu na feni inayozunguka kwa kusuasua. Mkewe anakaa karibu na mlango, mkoba mapajani.

Dada huyo anakiri kwamba swali lake la kuridhika limemchosha hata yeye. Wengi waliobaki macho humwambia wangechagua hivyohivyo tena. Lakini yupo aliyeimba muda wote wa upasuaji na wiki moja baadaye akaapa hatarudi. Yupo aliyetapika siku nzima na bado akasema usingizi ule ulikuwa zawadi, kwa kuwa hakusikia msumeno. "Nauliza swali moja," anasema, "napata majibu mawili kutoka mdomo mmoja. Na wengi wananijibu kwa heshima tu."

Mzee Pima anatazama feni.

Kisha anamwambia ukweli: hana jibu. Amekuja kwa sababu Jumanne imefika.

Dada anavuta kiti, anaushika mkono ule wa kulia na kuugeuza kiganja juu. Anamweleza kwamba amezungumza na daktari wa mifupa, na kwa kidole hiki kuna njia ambayo hawakumweleza mwanzo. Ganzi itachomwa hapa tu, kiganjani na karibu na kifundo. Msuli unaouvuta mshipa uko juu zaidi, karibu na kiwiko, na huo hautalala.

"Nimekuja na mawili yamenishinda," fundi anasema, "nawe unaniongezea la tatu."

"Hili si la kukupumzisha, baba. Hili ni la kazi. Daktari akilikata kovu hatajua kama mshipa unapita mpaka wewe uukunje kidole. Ukilala atakisia. Mkono wote ukifa ganzi atakisia. Ukiwa macho, na nguvu unazo, utamwonyesha. Tutakuhitaji mle ndani."

Mkewe anauliza kama ataona damu. Anaambiwa pazia litakuwepo. Anauliza kama kidole kitakuwa hakihisi akirudi nyumbani. Anaambiwa ndiyo, kwa saa kadhaa. Anafunga mkoba wake kwa nguvu na kumtazama mumewe.

Maisha yake yote, fundi anasema baadaye, hajawahi kuitwa kwenye upasuaji kama fundi. Huitwa kama kioo.

"Haya," anamwambia yule dada. "Nitakuja kukunja."

Ijumaa saa nne asubuhi amekaa kitandani wodini, mgongo kwenye mto, mkono umefungwa bendeji mpaka karibu na kiwiko. Ncha ya kidole gumba inachungulia, imevimba na ina rangi ya dawa. Mkewe anamenya chungwa. Ufunguo wa duka ameufunga kwenye pindo la kanga yake, na hafichi.

Mzee Pima anasimulia ya jana kwa kusitasita, kama mtu anayekagua kila neno kabla hajaliachia. Walimwambia kunja, akakunja, wakamwambia bado. Wakakata tena. Kunja. Bado. Mara ya tatu yeye mwenyewe alihisi kidole kimejikunja kabisa, kimegusa kiganja, akafurahi, halafu furaha ikamwishia. Alishawahi kuuhisi mkono wake hewani hali uko mezani. Atajuaje kwamba hiki nacho si uongo?

Akawaambia hakunji tena mpaka aone. Wakabishana kidogo nyuma ya pazia. Mwishowe yule dada akalishusha pazia upande mmoja, akamfunika jeraha kwa kitambaa ili aone ncha za vidole peke yake.

"Nikamwangalia," anasema Mzee Pima, akikizungumzia kidole kama mtu. "Nikamwambia, haya, njoo. Akaja. Pole pole, kama mzee anayeinuka kwenye kiti. Akagusa kidole kidogo."

Mkewe anampa kipande cha chungwa, naye anakila.

Alilia? Hajui. Alifurahi? Nadhani, anasema. Alisikia wakimkata, si maumivu, ni kuvutwavutwa kama uzi ndani ya nguo, na usiku hakulala vizuri kwa kuufikiria. Angekubali tena? Kwa kidole, ndiyo. Kwa mengine, asiulizwe leo. Daktari amesema kidole kitatakiwa kufanyishwa mazoezi kila siku, na kovu ni jeuri, linaweza kurudi. Hakuna aliyemwahidi kitu.

Mtaalamu wa usingizi anaingia, kalamu sikioni. Anamsabahi mama kwanza, anakibonyeza kidole, anauliza kama anahisi. Anahisi. Anamwambia akikunje kidogo. Kinajikunja kidogo. Kisha anavuta pumzi kuuliza swali lake, na fundi anainua mkono wa kushoto kumzuia.

"Mara mbili nimekujibu kitandani, mwanangu, na mara zote mbili nimekudanganya," anamwambia. "Nyumbani kwako una dirisha lililopasuka?"

Dada anafikiri. Anasema liko moja, la jikoni, amelibandika karatasi ya nailoni.

"Lipime. Lipime mara mbili. Mwezi wa tatu kuanzia sasa uje dukani na vipimo, nikukatie kwa mkono huu. Likikaa, andika nimeridhika. Lisipokaa, andika ulivyoona."